Moshi wa buluu na oili inayopungua: namna ya kuipima injini kuukuu kabla ya kuifungua

Katika gereji za Buyenzi, mmoja wa mitaa mikongwe ya Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku, magari mengi hufikishwa yakiwa na malalamiko ya aina moja: gari linakula oili, linatoa moshi, na injini inapumua kupitia mfuniko wa kutilia oili. Mara nyingi jibu la haraka ni kwamba ringi zimekwisha na injini ifunguliwe.

Jibu hilo huweza kuwa sahihi. Lakini huweza pia kuwa kosa la gharama kubwa, kwa sababu dalili zilezile hutokana na kifaa kidogo kilichoziba, ambacho hubadilishwa kwa muda mfupi na kwa fedha chache. Kwa mwenye teksi au basi dogo, tofauti kati ya majibu hayo mawili ni tofauti kati ya kupoteza asubuhi moja na kupoteza kipato cha miezi kadhaa. Uhaba wa fedha za kigeni nchini Burundi umefanya vipuri kuwa adimu na ghali, na injini ikishafunguliwa bila vipuri kupatikana, gari hubaki juu ya mawe.

Makala hii inaeleza tatizo hilo ni nini, linapimwaje kwa utaratibu, na ni matengenezo gani yanayofaa kwa kila chanzo.

Gesi hupitia wapi?

Ndani ya kila silinda ya injini, pistoni hupanda na kushuka. Mchanganyiko wa petroli na hewa unapowaka juu yake, shinikizo kubwa huisukuma chini, na nguvu hiyo ndiyo inayozungusha krenki na hatimaye magurudumu. Ili shinikizo lisipotee, pistoni imevishwa ringi za chuma, ambazo mafundi waliofunzwa kwa Kifaransa huziita segmenti. Kwa kawaida ringi ni tatu. Mbili za juu huzuia gesi isishuke, na ya tatu hukwangua oili kutoka kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini.

Ringi hizo hazizibi kwa ukamilifu. Kila moja ina mwanya mdogo mahali ncha zake mbili zinapokutana, ili chuma kinapopata joto na kutanuka ncha hizo zisigongane. Kwa sababu hiyo, hata injini mpya kabisa hupitisha gesi kidogo kutoka juu ya pistoni hadi chini, katika chumba cha krenki ambamo oili huhifadhiwa. Swali si kama gesi inapita, bali inapita kiasi gani, na ikishapita inatokea wapi.

Gesi hiyo si hewa safi. Ina petroli isiyoungua, masizi, tindikali na mvuke wa maji. Lita moja ya petroli inapoungua hutoa mvuke unaokaribia lita moja ya maji. Sehemu kubwa hutoka kwa bomba la moshi, lakini kiasi fulani hushuka kwenye oili. Injini ikipata joto la kutosha, maji hayo hugeuka tena kuwa mvuke na kutoka. Isipopata joto, maji huchanganyika na oili na kutengeneza utando mweupe kama maziwa chini ya mfuniko.

Magari ya zamani yaliiachia gesi hiyo itoke nje kupitia bomba lililoelekezwa barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, California nchini Marekani, ambako moshi wa magari ulikuwa umegeuka kuwa janga la miji, ilikuwa ya kwanza kudai kwamba gesi hiyo irudishwe ndani ya injini na kuchomwa. Tangu hapo injini za petroli zimewekewa vali ndogo ya kupumulia, inayounganisha chumba cha krenki na njia ya kuingizia hewa. Mvuto wa injini yenyewe huinyonya gesi, na gesi huungua pamoja na petroli.

Vali hiyo ndogo ndiyo husahaulika kuliko kifaa kingine chochote. Ikiziba, gesi hukosa mlango. Shinikizo hupanda ndani ya injini, huisukuma oili kupitia sili na gasketi, huinua kijiti cha kupimia oili, na kupeleka ukungu wa oili hadi kwenye kichujio cha hewa. Injini nzima hapo huonekana kama iliyochoka, ilhali ringi zake bado ni nzima.

Kwa nini injini kuukuu huathirika zaidi

Sababu ya kwanza ni umri. Magari mengi yanayotumika Bujumbura yaliingia yakiwa tayari yametumika kwa miaka mingi, hasa kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam. Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi si lazima ziwe zote zilizotembewa.

Sababu ya pili ni vumbi. Msimu wa kiangazi, barabara zisizo na lami hujaza vumbi kwenye kichujio cha hewa. Kichujio cha karatasi kinachooshwa kwa petroli au kupulizwa kwa nguvu hutoboka matundu yasiyoonekana kwa macho. Vumbi linalopita humo hufanya kazi ya msasa kati ya ringi na silinda, na huila injini kwa miezi, si kwa miaka.

Sababu ya tatu ni joto kupita kiasi. Gari linaloondoka kando ya Ziwa Tanganyika, takriban mita 775 juu ya usawa wa bahari, hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika safari isiyofika kilomita 40. Rejeta iliyoziba, au inayotiwa maji matupu badala ya dawa ya kupozea, huonesha udhaifu wake katika mlima huo. Injini ikichemka mara moja tu kwa kiwango kikubwa, ringi huweza kupoteza unyumbufu wake na kutobana tena kama ilivyokuwa.

Sababu ya nne ni safari fupi na foleni. Katika miaka ya karibuni, uhaba wa mafuta umewalazimisha madereva kusogeza magari hatua kwa hatua katika foleni ndefu za vituo. Injini inayowashwa, kusogea mita chache na kuzimwa haifiki joto lake la kazi. Masizi na maji hukusanyika, oili huchafuka mapema, na ringi huanza kunasa ndani ya mifereji yake. Petroli ya vidumu isiyojulikana asili yake, ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, huongeza tatizo: mafuta ya taa hayaungui vizuri katika injini ya petroli, hushuka kwenye oili na kuifanya nyepesi.

Sababu ya tano ni oili yenyewe: iliyochelewa kubadilishwa, ya daraja lisilofaa, au iliyojazwa kupita alama ya juu. Kosa hili la mwisho hufanywa mara nyingi kwa nia njema. Oili ikizidi, krenki huipiga na kuitia povu, na povu hilo husukumwa kwenye njia ya kupumulia kama vile injini imekufa.

Moshi husema nini

Kabla ya kushika spana, fundi mzuri huangalia moshi, na huuliza unatoka wakati gani.

Moshi mweusi ni dalili ya petroli au dizeli nyingi kuliko hewa. Hauhusiani moja kwa moja na ringi. Moshi mweupe mzito unaodumu hata injini ikiwa moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Mvuke mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni wa kawaida. Moshi wa buluu wenye harufu kali ndio moshi wa oili inayoungua.

Lakini oili inaweza kuingia kwenye chumba cha kuchomea kwa njia mbili: kutoka chini, ikipita ringi, au kutoka juu, ikichuruzika kwenye mashina ya vali ambayo mipira yake ya kuzuia oili imekauka. Njia hizi mbili zina tiba tofauti na gharama tofauti kabisa. Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama ni uwanja mzuri wa kuzitofautisha.

Gari linapopanda likiwa na mzigo, shinikizo juu ya pistoni ni kubwa. Moshi wa buluu ukiongezeka kadiri dereva anavyokanyaga, na oili ikitapika kwenye njia ya kupumulia, ringi ndizo za kushukiwa kwanza. Gari linapoteremka, dereva akiwa ameachia mafuta na injini inashikilia gari kwa gia, hali hugeuka. Ndani ya injini hutokea mvuto mkali unaonyonya oili kupitia mashina ya vali. Dereva anapokanyaga tena mafuta chini ya mteremko na wingu la buluu likatoka mara moja kisha likaisha, mipira ya vali ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ndivyo ilivyo pia kwa gari linalotoa moshi mara tu linapowashwa asubuhi, kisha likatulia.

Dalili hizi huelekeza, hazihukumu. Ringi ya oili iliyonasa nayo inaweza kutoa moshi baada ya mteremko. Ndiyo maana vipimo huhitajika.

Vipimo, kutoka kilicho rahisi

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Mwenye gari hujaza oili hadi alama ya juu, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imepoa, huandika kilomita, kisha hupima tena baada ya kilomita 1,000. Baadhi ya watengenezaji huandika katika vitabu vyao kwamba matumizi ya hadi lita moja kwa kilomita 1,000 bado yanavumilika, ingawa injini yenye afya hutumia chini sana ya hapo. Bila takwimu hii, kauli kwamba gari linakula oili haina uzito. Wakati huohuo, sakafu mahali gari linapolala ikaguliwe. Oili nyingi inayodaiwa kuliwa huwa imevuja tu.

Kipimo cha pili ni cha mfuniko. Injini ikiwa moto na inanguruma taratibu, mfuniko wa kutilia oili hufunguliwa na kuwekwa juu ya tundu bila kufungwa. Ukitulia au ukivutwa kidogo, ni ishara njema. Ukirukaruka au kusukumwa pembeni na moshi ukatoka kwa mapigo, gesi inapita kwa wingi, au haina pa kutokea. Kipimo hiki kina mipaka yake. Injini za dizeli hupumua zaidi kwa asili yake, na katika baadhi ya injini sehemu zinazozunguka chini ya mfuniko hurusha hewa na oili hata kama hakuna ubovu. Hakuna injini inayopaswa kufunguliwa kwa ushahidi wa mfuniko peke yake.

Kipimo cha tatu ni cha vali ya kupumulia. Hutolewa na kutikiswa: katika injini nyingi, vali nzima hutoa mlio wa kipande kinachocheza ndani. Injini ikiwa inanguruma, kidole kikiwekwa kwenye mdomo wake kinapaswa kuhisi mvuto. Mipira inayounganishwa nayo hukaguliwa kama imepasuka, imelainika hadi kujikunja, au imeziba kwa tope. Vali chafu huweza kuoshwa kwa dawa ya kusafishia kabureta, lakini kwa kuwa bei yake ni ndogo ikilinganishwa na kazi nyingine zote, kuibadilisha ni bora. Baada ya hapo gari hutembea siku chache na kipimo cha mfuniko hurudiwa. Magari mengine huishia hapa, yakiwa yamepona.

Kipimo cha nne ni cha mgandamizo, kwa kutumia geji ya kompresheni. Usahihi wake hutegemea utaratibu. Injini iwe imepata joto, betri iwe na nguvu, na plagi zote, au buji, zitolewe. Umeme wa kuwashia na petroli vikatwe, na kilango cha hewa kifunguliwe kabisa kwa kukanyaga pedali hadi chini. Kisha injini huzungushwa kwa stata mpaka geji isipande tena, na kila silinda huandikwa kwenye karatasi.

Silinda ikionesha upungufu, kijiko kidogo cha oili humiminwa kupitia tundu la plagi na kipimo hurudiwa. Oili hiyo huziba kwa muda nafasi kati ya ringi na ukuta. Geji ikipanda sana, ringi au silinda ndizo zinazovujisha. Isipopanda, gesi inapotelea kwingine: kwenye vali au gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ndiyo ya kutazamwa kwanza. Utaratibu huu wa kumimina oili ni wa injini za petroli. Katika dizeli, ambako nafasi iliyo juu ya pistoni ni ndogo mno na mgandamizo ni mkubwa, oili hiyo inaweza kuwaka au kuleta madhara, na geji yenyewe huwa ni ya aina nyingine.

Kipimo cha tano huthibitisha. Pistoni hupandishwa hadi juu vali zote mbili zikiwa zimefungwa, na hewa ya kompresa husukumwa ndani ya silinda kupitia tundu la plagi. Kisha fundi husikiliza. Mvumo ukisikika kwenye tundu la kutilia oili, hewa inapita ringi. Ukisikika kwenye njia ya kuingizia hewa au kwenye bomba la moshi, vali haifungi. Mapovu yakionekana kwenye rejeta, ni gasketi au silinda hedi iliyopasuka. Tahadhari ni moja: hewa hiyo inaweza kuizungusha injini ghafla, kwa hiyo spana isiachwe kwenye krenki, wala mkono karibu na mkanda.

Kusoma geji katika nchi ya milima

Kuna jambo linalowapotosha hata mafundi wenye uzoefu. Takwimu za vitabu vya watengenezaji kwa kawaida huchukulia kuwa gari lipo usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupungua uzito, na injini haiwezi kugandamiza hewa ambayo haikuingia.

Bujumbura, hewa ina shinikizo lililo chini kwa karibu asilimia 9 kuliko Dar es Salaam. Katika nyanda za juu za Bugarama, upungufu huo unazidi sehemu moja ya tano. Injini nzima inayoonesha baa 13 pwani itaonesha karibu baa 12 Bujumbura, na takriban baa 10 tu Bugarama, bila kuwa na ugonjwa wowote. Fundi asiyelikumbuka hili anaweza kuihukumu injini kwa kosa la mlima.

Kwa hiyo kinachotazamwa zaidi ni uwiano kati ya silinda na silinda. Watengenezaji wengi hutaka tofauti isizidi takriban baa moja. Silinda nne zinazokaribiana, hata kama zote ziko chini kidogo ya kitabu, ni habari njema kuliko tatu zenye nguvu na moja iliyoanguka.

Lazima pia kukumbuka kwamba geji nzuri haiondoi kila shaka. Ringi mbili za juu zinaweza kubana vizuri huku ya tatu, ile ya oili, imenaswa na masizi. Gari la namna hiyo lina nguvu, halipumui kwenye mfuniko, lakini linakula oili. Injini za kwanza za Toyota aina ya 1ZZ-FE zinajulikana kwa tabia hiyo, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo na yaliziba kwa urahisi.

Tiba, kutoka nafuu hadi ghali

Ikiwa ubovu ni wa vali ya kupumulia, tiba ni vali mpya, mipira mipya, kichujio kipya cha hewa, na oili mpya ya daraja lililoandikwa na mtengenezaji. Gasketi na sili zilizosukumwa na shinikizo hubadilishwa baada ya hapo, si kabla. Atakayebadilisha sili kwanza na kuiacha njia ya kupumulia imeziba atairudia kazi hiyo.

Ikiwa ni mipira ya mashina ya vali, kazi hufanyika juu ya injini. Katika injini nyingi fundi mwenye ujuzi huweza kuibadilisha bila kuondoa silinda hedi, akitumia hewa ya kompresa kuzishikilia vali zisidondoke.

Ikiwa ringi zimenasa lakini hazijalika, kuna jaribio moja lenye gharama ndogo. Dawa ya kuyeyusha masizi humiminwa kidogo katika kila silinda na kuachwa usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kurudisha plagi, injini huzungushwa kwa stata ili dawa iliyobaki itoke. Anayesahau hatua hii anaweza kupinda mkono wa pistoni, kwa kuwa majimaji hayagandamizwi kama hewa. Oili hubadilishwa mara moja, kwa sababu sehemu ya dawa imeshuka ndani yake. Kazi hii hufanyika mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Matokeo hayana uhakika, lakini baadhi ya injini hurudisha kompresheni kwa kiasi cha kuridhisha.

Ikiwa ringi au silinda zimelika, hakuna dawa ya chupa itakayorudisha chuma kilichoondoka. Injini hufunguliwa, na jambo la kwanza ni kupima, si kununua. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili, ili kujua kama bado ni duara na kama haijatanuka upande wa juu. Ikiwa bado iko ndani ya kiwango, kuta hukwaruzwa upya kwa mistari inayopishana ili zishike oili, na ringi mpya huwekwa baada ya mwanya wa kila moja kupimwa ndani ya silinda yake. Ikiwa imepita kiwango, silinda huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa nyongeza ya robo au nusu milimita, au huvishwa ganda jipya.

Kuweka ringi mpya katika silinda iliyoharibika umbo ndilo kosa linalorudisha magari mengi gereji baada ya miezi michache. Ringi ni duara na ukuta si duara tena, hivyo gesi huendelea kupita.

Baada ya matengenezo, injini isiachwe ikinguruma kwa saa nyingi ikiwa imesimama. Ringi hukaa mahali pake kwa kufanya kazi ya kadiri: mwendo unaobadilikabadilika, bila mzigo mzito na bila kuikaba. Oili ya kwanza, iliyojaa chembe za chuma, hubadilishwa mapema, ifikapo kilomita 1,000 au kabla.

Wapo wanaochagua kununua injini iliyotumika badala ya kuijenga upya ya zamani. Uamuzi huo huweza kuwa wa busara, kwa sharti kwamba injini hiyo ipimwe kompresheni kabla ya fedha kutolewa. La sivyo, mnunuzi anaweza kubadilisha ugonjwa anaoujua kwa ugonjwa asioujua.

Njia za mkato zinazoua injini

Ya kwanza ni kuziba mpira wa kupumulia ili oili isitapike. Gesi haiishi kwa kufungiwa. Itatafuta sili ya krenki, na oili itakayovuja juu ya bomba la moshi lenye joto inaweza kuwasha moto.

Ya pili ni kuuelekeza mpira huo chini ya gari, kama magari ya zamani. Shinikizo hupungua na dalili hutoweka, lakini mvuto uliokuwa ukisafisha chumba cha krenki huondoka pia. Maji na tindikali hubaki ndani ya oili, na gari huacha alama ya oili kila linapopita.

Ya tatu ni kutia oili nzito sana, au dawa ya kuinenepesha. Moshi hupungua kwa wiki chache. Hata hivyo oili nzito huchelewa kufika sehemu za juu injini inapowashwa ikiwa baridi, na kuharibika huendelea kimyakimya. Kwa dereva inaweza kuwa njia ya kusogeza siku hadi fedha zipatikane. Kwa muuzaji asiye mwaminifu ni njia ya kuficha.

Oili iliyotolewa nayo ina nafasi yake katika hesabu. Mifereji ya Bujumbura na mito ya Ntahangwa na Muha huishia Ziwa Tanganyika, na ziwa hilohilo ndilo chanzo cha maji ya bomba ya jiji. Oili chafu hukusanywa kwenye vidumu vilivyofungwa. Haimwagwi mferejini.

Kwa anayetaka kununua gari

Maarifa haya humfaa zaidi mtu ambaye bado hajatoa fedha zake. Mnunuzi aombe gari liwe limelala na injini ikiwa baridi, kwa sababu muuzaji anayelipasha moto mapema anaweza kuwa anaficha moshi wa asubuhi. Achomoe kijiti na kuitazama oili: nzito kama asali, au yenye harufu ya petroli, ni onyo. Afungue mfuniko na kutazama chini yake. Avue mpira wa hewa ulio karibu na kichujio na kuona kama una oili ndani. Kisha alipeleke gari mlimani, hata kwa kilomita chache, na mtu mwingine alifuate nyuma akiangalia bomba la moshi, wakati wa kupanda na wakati wa kuteremka.

Mwisho, aombe kipimo cha kompresheni mbele ya macho yake, na namba za kila silinda ziandikwe. Kazi hiyo huchukua chini ya saa moja katika injini nyingi za petroli za silinda nne. Muuzaji anayejua gari lake ni zima hana sababu ya kuikataa.